Nilivyojifukiza Katikati ya Mionzi

Kama unasoma haya umefunga mlango na simu umeificha ndani ya mtandio, endelea hivyo hivyo, sitakucheka. Mimi habari za ugonjwa wangu nilizisoma chooni. Nakuandikia wewe mwanamke wa pwani yetu unayejua kwamba chini hakuko sawa, na bado unawaambia watu goti linakuuma. Mambo ya kitabibu sitayaweza, wenyewe wapo, waulize. Ninachokijua mimi ni kukaa kwenye benchi, kuvuliwa nguo na kuona haya.

Jina langu ni Barke. Kismayu wananijua kwa kazi moja: mimi ni somo. Arusi ikikaribia, mama wa bibi arusi huja nyumbani kwangu, tukanywa kahawa, tukaelewana, kisha binti huletwa nikakaa naye. Namfundisha kusinga mwili kwa liwa, kujikosha, kujifukiza udi, kumpokea mume na kumsitiri. Na kubwa kuliko yote, neno nililokuwa nikilisema mwishoni nikiwa nimemshika kidevu, ni kwamba mume asisikie kwako harufu yoyote ila ile uliyoichagua wewe.

Nilikuwa na ulimi, sifichi. Nilikuwa nikiingia nyumba ya mtu, nikivuta pumzi moja tu, najua mke wa humo ni wa namna gani, na sikuwa nikinyamaza. Basi saratani ikatafuta pa kukaa mwilini mwangu mote, ikachagua shingo ya uzazi.

Nilikuwa nimeshakatika damu ya mwezi kwa miaka kadhaa, nikaiona tena. Nikasema ni uchovu. Halafu yakaja maji, na maji yale yakaja na harufu. Sitaieleza, uliyenayo unaijua, na usiyenayo Mungu akuepushe nayo. Nikazidisha udi. Asubuhi udi, alasiri udi, nguo zangu nazitandaza juu ya chetezo mpaka jirani akaniuliza kama nimeposwa upya. Nikacheka naye. Nilipotaka kusali nilikuwa nachukua udhu upya kila sala, na mkeka wangu naukunja haraka asiukalie mwengine.

Mume wangu Omari anasimamia upakuaji wa mizigo bandarini. Ni mtu mpole, mpole hata unamkasirikia. Nilipohama kitanda chake nikaenda kulala chumba cha pili, nilimwambia ni goti, kwamba nahitaji kunyoosha mguu. Akanunua mafuta ya simsim. Kila akitoka kazini alikuwa akikaa miguuni pangu, akinichua goti zima lisilo na kitu, na mimi nikamwacha achue. Mpaka leo nikikumbuka vile vidole vyake vyenye vumbi la bandari vinavyozunguka goti langu, natamani ardhi inimeze.

Aliyenitoa pale ni muuguzi mmoja wa Kisomali, mwanamke mwenzangu. Nilimwendea siku damu ilipokataa kusimama. Alipomaliza kuniangalia alivua glavu zake polepole, akaniambia, "Abayo, safiri. Hapa hatuna mashine ya kukutibu. Usingoje."

Abayo kwetu ni dada. Alilitamka kwa huruma, na hapo nikajua ni kubwa.

Omari nilimwambia ni tumbo. Tumbo ni mahali papana, lina mengi. Alitaka kufuatana nami, nikamkatalia, nikamwambia nani ataangalia nyumba. Akaniuliza, "Tumbo upande gani?" Nikaonyesha popote tu.

Kaskazi ilikuwa inaishia nilipofika Mombasa kwa kaka yangu Ali. Ali alikimbia vita kitambo, akaoa huko, akabaki Kisauni. Mkewe, Halima, ni mzaliwa wa Mombasa, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hata akinong'ona mtaa wa pili unapata habari. Mimi na yeye hatukuwa tukipatana. Safari yangu ya kwanza kwake nilisema nyumba yake ina harufu ya samaki, na nilisema nikidhani yuko jikoni, kumbe yuko nyuma ya pazia. Hakuwahi kunijibu. Safari hii alinipokea begi mlangoni, akanitazama uso, akasema, "Wifi, umekonda. Kalale."

Hospitali waliniambia nitapigwa mionzi kwa muda wa wiki tano hivi, kila siku isipokuwa siku mbili za mwisho wa juma, kisha nitamaliziwa na mionzi ya kuwekwa kwa ndani. Kwanza walinilaza kwenye mashine ya picha, wakanichora alama za wino nyongani na chini ya kitovu. Wa kunichora alikuwa mama mmoja wa Kikamba aitwaye Mueni, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine. Aliniambia alama zile zisifutike, ndizo zinazoionyesha mashine pa kupiga. Aliponifunua nilifumba macho. Nimefunua wanawake wangapi kwa kuwasinga, na wote niliwaambia wasione haya. Maneno ya kuwaambia wengine ni mepesi.

Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu mkubwa, na hilo pekee lilinitosha. Lakini alikuwa na subira. Nilimuuliza kwa nini nisipigwe mara moja kali nikarudi kwetu, kwa nini kila siku kidogo kidogo kama mtoto anayepewa uji.

"Mama," alisema, "ndani ya kila seli ya mwili wako kuna uzi mrefu mwembamba. Uzi huo ndio wenye maagizo yote ya ile seli, ndivyo hivyo vinasaba mnavyovisikia. Mionzi ikiingia inaukata. Na haichagui, inaukata wa seli nzima na wa seli yenye saratani."

"Sasa si itaniua pamoja nayo?"

"Seli nzima inajua kujishona. Ikikatwa inasimama kazi kwanza, inapatafuta palipokatika, inaunga, ndipo inaendelea. Saa chache tu zinaitosha kushona sehemu kubwa. Seli ya saratani ina haraka ya kuzaana, na ufundi wake wa kushona umeharibika. Inajigawa uzi wake ukiwa vipande, basi inakufa. Si zote zinazokufa kwa siku moja. Ndiyo maana tunarudia."

"Na nikikosa siku?"

"Siku moja ina dawa. Ukikosa nyingi, zile zilizobaki hai hupata nafasi. Nazo hushona kidogo, huongezeka, na mimi nitakuwa nimekuunguza bure." Akanitazama vizuri. "Usikose, mama. Na usipake chochote hapo. Mafuta, manukato, poda, hakuna. Usipatie joto. Maji ya uvuguvugu tu."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani, kwa sababu nashona kofia, na kofia ukiivuta kabla hujafunga uzi inafumuka yote. Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli.

Kwenye chumba cha kungojea kila mtu alikuwa na chupa ya maji. Sisi wa sehemu za chini tuliamriwa tunywe tujaze kibofu, tuzuie, ndipo tuingie, kwa sababu kibofu kikijaa utumbo husogea kando ya mionzi. Basi tulikaa wanawake watu wazima kwenye benchi, tumebana miguu, tunatazamana. Mashine ikiharibika au umeme ukikatika, ndiyo mateso. Siku moja ilichelewa sana na mimi sikuweza. Nilihisi joto likishuka, likapita buibui, likafika sakafuni. Aliyekaa kando yangu, mama wa Kigiriama ambaye hatukuwa tumesemeshana hata siku moja, alitazama chini kisha akatazama mbele. "Mimi yangu ilikuwa Jumanne," alisema. "Leo bahati yako." Akafungua begi lake akanipa kanga. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na jina lake sikulijua mpaka tulipoachana.

Wiki ya kwanza nilidhani mionzi haina kitu, maana huisikii, hainuki, haiumi. Wiki ya pili tumbo likaanza kunikimbiza. Ya tatu nywele za pale zikatoka zenyewe, na ngozi ikawa nyeusi, ikakazana, kisha ikawa inawasha kama niliyepakwa pilipili. Uchovu wake si wa kulala ukaamka nao umeondoka. Nilikuwa naketi kitandani kuvaa nguo ya ndani, nikapumzika, nikavaa mguu wa pili. Damu ilikuwa imesimama, hilo nilimshukuru Mungu. Lakini ile harufu ilikuwa bado, na siku nyingine nikaona imezidi. Mueni aliniambia ni nyama mbovu inayokufa na kutoka, kwamba ni dalili njema. Dalili njema! Nilikuwa nakaa dirishani nyumbani kwa Halima ili upepo unipite.

Omari alikuwa akipiga simu kila baada ya magharibi. "Tumbo lahisije?" Nikisema lahisi vyema. "Wakupa dawa gani?" Nikisema za tumbo. Siku moja akaniambia kuna mchu, yaani mtu, hapo bandarini ambaye nduguye alitibiwa tumbo Mombasa, amempa nambari, anaweza kuja kunitazama. Nikamjibu kwa ukali, nikamwambia mimi si maonyesho. Akasema, "Haya, Barke. Lala salama." Hakuwa na kosa hata moja.

Kusi na mvua zilikuwa zimeshaingia, na mionzi yangu imekwisha nusu yake na zaidi, ndipo Mwanaesha alipokuja. Mwanaesha ni binti wa shangazi yangu, wao ni watu wa kisiwa cha Kudhaa waliokimbilia Mombasa, na sasa anamwoza bintiye Rukia. Alikuja na sinia ya zawadi akakaa chini mbele yangu.

"Bui wangu," alisema, yaani shoga yangu, "Mungu amekuleta. Rukia hana somo. Hawa wa hapa hawayajui yetu. Hakuna mchu mwengine ila weye."

Halima alikuwa mlangoni na ufagio. "Wifi ni mgonjwa," alisema. "Mwacheni."

Ningalinyamaza tu, ingalikwisha. Lakini lile neno mgonjwa, na kusemewa na Halima mbele ya mtu wetu, lilinipanda kichwani. Nikasema, "Mgonjwa wa tumbo hafundishi kwa tumbo. Nitakuja." Mwanaesha akapiga kigelegele. Halima akaendelea kufagia.

Siku yenyewe nilioga mara tatu. Nilipovaa, nikainama kuchukua mtandio, nikajisikia. Nikajua kwamba nikikaa na yule binti chumba kimefungwa, naye atanisikia. Na wanawake wote wa kwetu wangekuwepo, wa Kudhaa, wa Ngumi, wa Kismayu, na kila mmoja wao anajua pua yangu ilivyokuwa ikiwahukumu. Nikawasha makaa kwenye chetezo cha Halima. Nikaweka udi, si kidogo. Nikavua nguo za ndani, nikasimama juu yake kwa miguu iliyopanuka, nikajifunika kanga mpaka chini moshi usitoke, nikachutama kama ninavyowafundisha mabibi arusi wote. Joto lilipopanda lilikuwa kama kisu. Nikauma kanga. Nilijua nafanya nini. Nilikuwa namsikia yule daktari wazi kabisa, usipatie joto, na nikakaa pale pale mpaka udi ukaungua wote. Kisha nikapaka haludi, yale mafuta ya udi, mapajani.

Nilinukia, hilo nakuapia. Nilipoingia kwa Mwanaesha waliniinukia. Nikakaa na Rukia mkekani, mtoto mzuri, mikono ina hina mpaka viwikoni, na nikamfundisha yote. Chini yangu kulikuwa kunawaka moto. Nilikuwa siwezi kukaa sawa, nikiegemea pajani upande huu na upande huu, na wanawake wakadhani ni madaha. Mwisho nikamshika kidevu nikamwambia lile neno langu la harufu. Macho yake yalikuwa yananitazama kama anayemtazama mtu mkubwa. Sijapata kujidharau kama nilivyojidharau wakati ule, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Kesho yake ngozi ilitoka. Niliivua nguo ikaja nayo. Mueni aliponifunua alisema "Uuwi!" kisha akajizuia. Hakuwasha mashine, akamwita daktari. Yule kijana alisimama, akatazama muda mrefu, akaniuliza kama nimepaka kitu. Nikasema hapana. Kama nimejichoma na kitu. Hapana. Nikageuza uso ukutani.

Alirudi nyuma, akazungumza na Mueni kwa Kiingereza, kisha akanieleza. Kuna watu, alisema, ambao miili yao haishoni vizuri uzi uliokatwa, nao huunguzwa na mionzi kuliko wengine. Labda mimi ni mmoja wao. Alama hazionekani tena kwenye kidonda na hawezi kuipiga ngozi ile. Nipumzike, nirudi juma lijalo aangalie. Kama ni hivyo anavyodhani, basi itabidi tukomee hapo tulipofika, kwa usalama wangu.

"Na iliyobaki ndani?" nilimuuliza.

"Tutaomba Mungu iwe imetosha," alisema.

Nikarudi Kisauni, nikawaambia Ali na Halima alivyosema daktari, nikalala. Hapo ndipo nilipopafahamu pale nilipo. Seli zangu nzima hazikuwa na kosa, zilikuwa zinashona usiku na mchana, mimi ndiye niliyeziwashia makaa. Na zile mbovu, kila siku iliyopita bila mionzi ilikuwa ni siku ya kwao. Nilikuwa nikisikia maumivu kidogo kiunoni nikasema ndizo hizo, zinaongezeka. Lilihitajika neno moja tu kwa daktari, kwamba si mionzi, ni mimi. Lakini neno hilo lilikuwa na maneno mengine ndani yake: kwamba nilisimama juu ya moshi, kwa nini nilisimama, na nilikuwa nanuka nini. Kumwambia kijana wa watu. Niliona bora nife. Sisemi kwa kutia chumvi, nililipima jambo lile nikiwa na akili zangu timamu, nikaona kufa kuna heshima zaidi.

Siku ya kurudi Halima alivaa buibui akasema anakwenda na mimi. Nikamwambia si lazima. Akasema, "Najua." Tulipoitwa, daktari alikuwa amesimama kwenye ujia nje ya chumba chake, na benchi zima limejaa wagonjwa, wake kwa waume. Akaniuliza hali. Kabla sijafungua mdomo Halima akasema, kwa ile sauti yake:

"Daktari, huyu alijifukiza."

"Halima!"

"Alijifukiza. Aliwasha chetezo cha makaa akakichutamia, na udi tele, apate kunukia kwenye arusi. Mimi nimekikuta chetezo changu, nimeikuta kanga imeungua upindo. Mwili wake hauna ubaya wowote. Mpigeni mionzi yenu amalize."

Benchi zima lilitugeukia. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye bakora, aliinamisha kichwa kwa adabu, na adabu yake ile ndiyo iliyonimaliza. Daktari akanitazama. "Ni kweli, mama?"

Nilisema ndiyo. Sidhani kama sauti ilitoka, lakini aliona mdomo.

Hakunigombeza. Aliketi akapiga hesabu zake upya, akasema kidonda kikikauka kidogo tunaendelea, na zile siku zilizopotea tutazifidia. Siku kadhaa nitapigwa mara mbili, asubuhi na alasiri, na katikati lazima zipite saa sita. "Hizo ni za seli zako nzima," alisema. "Zimalize kushona kabla sijazikata tena. Usinilazimishe kuzipunguza."

Halima sikumsemesha mpaka nyumbani, wala kesho, wala keshokutwa. Ali alijaribu kutupatanisha kwa mzaha akaona heri anyamaze. Kisha zikaja zile siku za mara mbili, na Kisauni ni mbali kwenda na kurudi kwa mtu anayetembea kama mimi. Ikawa hatuna budi kukaa pale hospitali saa zote hizo, mimi na yeye, benchi moja. Alikuwa akileta mkate wa sinia na chai ya tangawizi. Nakula, sisemi.

Siku ya pili ya kukaa hivyo, usaha uligandana na nguo nikashindwa kuinuka. Halima akamwomba Mueni chumba cha kuogea, akaomba maji ya uvuguvugu na chumvi, akanifungia mlango, akapiga magoti. Nilimshika mkono.

"Mwanamke hakoshwi hapo na mwenzake," nilimwambia, na ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake, "ila akiwa maiti."

"Wewe umetaka nikukoshe ukiwa maiti," alisema. "Mimi nikaona nikuwahi u hai. Panua mguu."

Nikapanua. Alimwaga maji kwa kikombe, taratibu, anatenganisha kitambaa na nyama kidogo kidogo, na uso wake ulikuwa karibu sana na mimi. Hakukunja pua. Nilimtazama nione kama atakunja. Nikamuuliza kwa nini alinisema mbele ya wanaume wote wale.

"Ningekwambia ukaseme mwenyewe, ungesema?"

"Nisingesema."

"Basi." Akafinya kitambaa. "Radhi ya ile fedheha nakuomba. Ya kusema sikuombi."

Nilitaka kumwomba radhi yangu, ya samaki na ya mengine, ikashindikana kutoka. Nikamwambia maji yanapoa. Akaongeza ya moto.

Nilimaliza. Mionzi ya ndani nayo ilipita, sina maneno ya kuieleza, ila nakushauri umwambie Mueni wako, yeyote atakayekuwa, akushike mkono. Siku ya mwisho yeye Mueni aliniita kichumbani, akafunga mlango, akakaa karibu, akanifundisha. Akaniambia mahali pale palipopigwa mionzi hupona kwa makovu, na makovu hujivuta, njia ikajifunga kama haitunzwi. Akanipa kifaa laini cha plastiki, akanieleza namna ya kukitumia, kwa mafuta yapi sasa yanayoruhusiwa, na lini ninaweza kurudi kwa mume wangu, na kwamba tuanze polepole. Nilikaa nimeinamisha macho, nikichezea upindo wa kanga, naitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeinama hivyo hivyo wanavyoinama mabibi arusi wangu. Mueni hakujua mimi ni nani kwetu, na sikumwambia.

Kusi ilipotulia niliambiwa picha ziko safi, nirudi kila baada ya miezi michache nitazamwe. Nimekuwa nikirudi. Mpaka ninapoandika haya hawajaona kitu.

Kismayu, Omari alinipokea, akanibebea mizigo, akaniuliza tumbo. Nilingoja wageni waliokuja kunipa pole waondoke, nikamwita chumbani mchana kweupe, nikafunga mlango. Nikamwambia halikuwa tumbo, na goti halikuwa goti. Nikaitaja saratani kwa jina lake na mahali kwa jina lake. Nikamwambia damu, harufu, moshi, Halima na benchi. Maneno ambayo nimeyasema kwa mabibi arusi bila kupepesa jicho yalinitoka moja moja kama ninayeng'olewa meno. Mwisho nikakitoa kile kifaa, nikamweleza aliyonifundisha Mueni. Nilimwambia huenda isiwe kama zamani, kwamba patakuwa pakavu na padogo, kwamba akitaka kuoa mke mwengine ni haki yake na sitagomba. Hilo la mke nililiandaa tangu Mombasa, nililisema vizuri.

Omari alikaa, mikono iko magotini. Nilingoja kusikia kama ameniudhikia kwa uongo, au kama atakubali lile la mke. Nilikuwa nimejitayarisha kwa yote mawili.

"Na weye," aliniuliza, "utaumia?"

Nilimtazama tu. Nimefundisha mabibi arusi wa mji huu kwa nusu ya umri wangu, nimewapa kila jibu analotakiwa kuwa nalo mwanamke, na sikupata kumwambia hata mmoja wao kwamba mume anaweza kuuliza hivyo.